Kabla Hujapanda Kile Kitanda

Swali la kwanza utakaloulizwa kwenye kliniki ya kina mama huenda lisihusu maumivu yaliyokupeleka. Nesi atapokea daftari au kadi yako, ataandika jina, umri na mahali unapoishi, kisha bila kuinua uso atauliza: "Mama, hedhi yako ya mwisho ilianza lini?" Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. "Nadhani mwanzoni mwa mwezi uliopita." "Ilikuwa kabla ya msiba wa shangazi." "Sikumbuki, sista, lakini si zamani." Nesi anaandika anachoweza, foleni inasogea, na huduma yako imeshapungua kabla hujamwona daktari. Tarehe hiyo ndiyo inayomwonyesha kama damu unayoilalamikia ni ya kawaida, kama huenda una mimba, kama kipimo fulani kifanyike leo au kisubiri wiki ijayo, na kama dawa anayotaka kukuandikia ni salama kwako.

Makala haya ni ya mwanamke anayejiandaa kwenda kupimwa, iwe ni zahanati ya kijijini, kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya au kwa daktari bingwa mjini. Wahudumu wetu wana watu wengi na muda mfupi, na maabara nyingi hazina vipimo vyote tunavyovitegemea. Katika hali hiyo maelezo ya mgonjwa yanabeba uzito mkubwa sana. Mwanamke anayefika na habari zake kamili, anayejua atakachofanyiwa na asiyeogopa kuuliza, hutoka na tiba inayomfaa. Anayefika na neno "tumbo" peke yake huweza kuzungushwa miezi.

Basi anza na tarehe. Tafuta kalenda ya ukutani, daftari dogo au simu yako, uwe unaweka alama siku damu inapoonekana kwa mara ya kwanza kila mwezi. Inayohesabiwa ni siku ya kuanza, si siku ya kumaliza. Andika pia damu ilikaa siku ngapi, na kama ulitoka matone katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa. Ukiwa na kumbukumbu ya miezi mitatu tu, umemrahisishia daktari kazi kubwa.

Kuhusu wingi wa damu, sema kwa hesabu. "Natoka damu nyingi" ni maneno ambayo kila mgonjwa huyasema, na wingi wa mmoja si wingi wa mwingine. Lakini ukisema, "Nabadilisha pedi kila saa, usiku naamka kubadilisha, yanatoka mabonge, na inakwenda siku tisa," daktari atajua mara moja kwamba hilo si jambo la kumeza vidonge vya kutuliza maumivu na kurudi nyumbani. Atataka kupima wingi wa damu mwilini na kuangalia kizazi, pengine kuna uvimbe. Anayetumia vitambaa naye ahesabu vitambaa. Maumivu nayo yana saa zake: yapo yanayotangulia hedhi, yapo ya katikati ya mwezi, yapo yanayokuja wakati wa tendo la ndoa, na yapo yasiyokoma kabisa. Kila moja linaelekeza kwenye chanzo tofauti.

Mwenye mimba anaihitaji tarehe hiyo zaidi. Wakunga hutumia hesabu rahisi ambayo hata wewe unaweza kuifanya mezani kwako: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inatoa matarajio ya kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba. Hesabu hii inawafaa zaidi wenye mzunguko wa siku 28, na mtoto hana mkataba na kalenda, lakini pale ambapo mashine ya ultrasaundi iko mbali, ndiyo inayoongoza maamuzi mengi, kuanzia siku ya kuanza dawa ya kinga ya malaria hadi kujua kama mtoto amechelewa kutoka au bado.

Kitu cha pili cha kubeba ni orodha ya dawa, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapoficha zaidi. Dawa si zile za hospitali tu. Ni vidonge ulivyonunua duka la dawa jana, ni mitishamba ya kusafisha kizazi, ni mzizi uliopewa na bibi, ni dawa za kulevya kama unazitumia. Wengi hufika kliniki wakiwa wameshameza flajili au vidonge vya fangasi siku mbili kwa ushauri wa jirani. Vikichukuliwa vipimo, vijidudu havionekani vizuri, majibu yanasema hakuna kitu, lakini mgonjwa bado anawashwa. Daktari akijua umeshaanza dawa gani, atasoma majibu hayo kwa jicho jingine.

Zipo pia dawa zinazogombana. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vinavyowekwa mkononi. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa efavirenzi, nazo hudhoofisha kijiti. Mwanamke anayeficha kwamba yuko kwenye dawa za TB au za VVU anaweza kuwekewa kijiti, akaondoka na amani ya miaka mitatu, kumbe kinga aliyonayo ni nusunusu. Huko hakuna mtu wa kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI, mtoa huduma anapaswa kutunza siri ya majibu yako. Ukisikia hali yako inatajwa kwa sauti mbele ya foleni, una haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi.

Na yapo yale tunayojiwekea wenyewe. Shabu, ndimu, siki, sabuni ya kunukia, ugoro, majani ya kufukizia. Najua sababu zake, na najua maneno ya wakubwa kuhusu usafi na kumpendeza mume. Lakini uke una bakteria wake wanaoulinda, wanaouweka katika hali ya uchachu ambayo vijidudu vibaya havipendi. Ukiusuuza ndani, unawaua walinzi hao, ngozi laini inachubuka, na maambukizi yanapata njia, VVU vikiwemo. Nje osha kwa maji safi. Ndani panajisafisha penyewe. Kama umekuwa ukitumia vitu hivi, mwambie mhudumu bila kuzunguka, kwa kuwa michubuko ya shabu inaweza kudhaniwa ni ugonjwa mwingine. Siku mbili kabla ya kupimwa mlango wa kizazi usijisuuze ndani, usitumie dawa za kuweka ukeni, na ni vizuri pia kuacha tendo la ndoa kwa muda huo ili kinachochukuliwa kiwe safi.

Neno kuhusu uchafu unaotoka ukeni, kwa kuwa ndilo jambo linalowapeleka wengi. Si kila unyevu ni ugonjwa. Katikati ya mzunguko ute huwa mwepesi, unavutika, hauna rangi, na hiyo ni dalili ya yai, si ya fangasi. Mtazame mhudumu usoni umweleze tatu: rangi, harufu, na kama kuna muwasho. Uchafu mweupe mzito wenye mabonge na muwasho mkali mara nyingi ni fangasi. Wa kijivujivu unaonuka shombo, hasa baada ya tendo, mara nyingi ni bakteria waliozidiana wenyewe. Wa kijani au manjano wenye povu unaashiria trikomona, na huo unataka mwenzi wako atibiwe pamoja nawe, la sivyo mtaambukizana mwaka mzima. Kaswende na kisonono vina kanuni hiyohiyo. Mwanamke anayetibiwa peke yake huku mume anakataa kwenda anarudi kliniki mwezi ujao na ugonjwa uleule.

Halafu kuna UTI. Siku hizi kila maumivu ya chini ya kitovu yanaitwa UTI, watu wanabandikwa jina hilo kwa kipande cha karatasi kilichochovywa kwenye mkojo, wanapewa antibayotiki, wiki mbili baadaye wanarudi na UTI "sugu". Kile kipande cha karatasi kinaonyesha dalili tu. Kama umetibiwa mara mbili bila nafuu, omba mkojo wako uoteshwe maabara ili ijulikane ni kijidudu gani na kinakufa kwa dawa gani. Omba pia mlango wa kizazi uangaliwe, maana ugonjwa wa kizazi na mirija huumiza palepale.

Mkojo wenyewe una utaratibu. Wengi wakifika hospitali kitu cha kwanza ni kukimbilia chooni baada ya safari ndefu ya daladala, halafu maabara wanadai kikombe cha mkojo na hakuna hata tone. Uliza kwanza. Ukitakiwa kutoa, jisafishe nje, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Ukipigwa ultrasaundi ya juu ya tumbo kuangalia kizazi, kwa kawaida utatakiwa kibofu kiwe kimejaa, hivyo kunywa maji ya kutosha saa moja kabla na ujizuie. Ukipimwa mlango wa kizazi, au ikiwa kipimo cha ultrasaundi kinaingizwa ukeni, unatakiwa ukojoe kwanza. Kuuliza jambo hili mapokezi kunakuokolea saa mbili za kusubiri.

Vaa nguo inayotenganika juu na chini, sketi au suruali na blauzi, usije na gauni refu lililobana. Chukua kanga mbili. Vituo vingi havina shuka la kumfunika mgonjwa, na kama lipo huenda limetumika. Moja unatandika, ya pili unajifunika kuanzia kiunoni hadi magotini. Kwa mwanamke aliyelala chali, miguu imepanuliwa, mlango ukifunguliwa ovyo na mwanafunzi wa uuguzi, kanga hiyo ndiyo heshima yake. Nimewasikia wanawake wakisema kilichowafanya wasirudi tena kliniki hakikuwa maumivu, ni ule uwazi.

Sasa tufike kwenye kitanda chenyewe.

Utaombwa uvue nguo za ndani, upande, ulale chali na ukunje magoti. Mhudumu atavaa glavu mpya mbele yako. Kama hukumwona akizivaa, omba abadilishe. Atatazama nje kwanza, kisha ataingiza chombo kiitwacho spekula, cha chuma au cha plastiki, chenye pande mbili mfano wa mdomo wa bata, ambacho hufunguka taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Kinakuwa cha baridi na kinasukuma. Hakipaswi kuchoma wala kukata. Pumua kwa mdomo, legeza makalio yaguse kitanda, usiyainue. Misuli ikikaza ndipo panapouma. Spekula zina ukubwa tofauti, na una haki ya kuomba ndogo. Baada ya hapo huenda akaingiza vidole viwili huku mkono wa pili ukibonyeza tumbo, ili ajue kizazi kikubwa kiasi gani na kama mirija ina maumivu. Ukisema "simama", anapaswa kusimama.

Zipo habari ambazo lazima zisemwe kabla chombo hakijaguswa. Kama hujawahi kujamiiana, sema, hata kama una miaka 35. Kuna mambo hayatafanyika kabisa na mengine yatafanyika kwa njia nyingine. Kama ulikeketwa, sema, hasa dada zetu wa Manyara, Dodoma, Arusha, Mara na Singida ambako mila hiyo imekuwa na mizizi. Kovu linaweza kufanya njia iwe nyembamba, na mhudumu asiyejua ataumiza. Kama uliwahi kubakwa, huhitaji kusimulia, inatosha kusema, "Jambo hili ni gumu kwangu, tafadhali niambie kila unachofanya kabla hujakifanya." Na kama una mimba au unahisi unayo, hilo ni la kwanza kabisa.

Daktari anaweza kuwa mwanamume. Kwa wengi, na kwa mafundisho ya dini za wengi, hilo ni zito, na mwanamke ana haki ya kuomba mhudumu wa kike. Omba mapema, wakati wa kujiandikisha, ili wakupange. Pale ambapo hakuna mwanamke, omba muuguzi wa kike awepo chumbani muda wote wa kipimo. Daktari mwadilifu hataona hilo ni tusi, kwa sababu linamlinda yeye pia. Ukiwa na dada, mama au mume unayetaka aingie nawe, sema. Na ukitaka abaki nje, sema hivyo pia, hata kama ni mama mkwe aliyekulipia nauli.

Kuna jambo hutokea sana kwa mama zetu. Mama wa miaka 58 anaingia, daktari kijana anasimama, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Neno hilo mwanangu likishatamkwa, mambo yote ya chini ya kitovu yanafungwa. Ataeleza kiuno, ataeleza magoti, presha, usingizi. Ataandikiwa dawa ya maumivu. Amekwisha kushika kitasa cha mlango ndipo anageuka na kusema kwa sauti ndogo: "Na kuna kadamu kanatoka, lakini kidogo tu." Huyu ndiye aliyewafunda mabinti zake kwamba mficha uchi hazai. Mama yangu unayesoma haya: damu yoyote inayotoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, hata tone, ndiyo iliyopaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Si lazima iwe saratani, lakini ni lazima itafutwe chanzo chake. Ukiona haya kutamka, mwambie binti yako aandike kwenye karatasi, umpe daktari aisome.

Nimeitaja saratani. Ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, na inauma zaidi kwa sababu ni miongoni mwa saratani zinazozuilika. Inasababishwa na kirusi cha HPV kinachopita kwa kujamiiana. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano huo. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na HPV wakati fulani wa maisha yake, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa hiyo majibu yakisema unacho, usiyasome kama hukumu ya tabia yako wala ya mume wako. Kinachotisha ni kile kinachokaa. Kinaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani kwa mwenye kinga imara, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu kama anayeishi na VVU bila dawa. Muda huo wote huhisi chochote.

Kipimo kinachofanyika katika vituo vingi vya Tanzania na Kenya ni cha siki. Spekula ikishaingia, mlango wa kizazi unapakwa asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, mhudumu anasubiri kama dakika moja, kisha anatazama kwa taa. Penye mabadiliko pataonekana peupe. Utahisi baridi, pengine mwasho mdogo, basi. Majibu unayapata hapohapo. Pakionekana peupe padogo pasipo na dalili za saratani, vituo vingine hutibu siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto, bila kulazwa. Baada ya tiba hiyo maji mepesi yanaweza kutoka kwa wiki kadhaa, na utaambiwa uepuke tendo la ndoa kwa wiki nne. Mwambie mwenzi wako kabla, si baada, ili wiki hizo nne zisizue ugomvi ndani ya nyumba. Pakionekana pakubwa au panatia shaka, utapewa rufaa, na rufaa hiyo si ya kuweka kabatini.

Walengwa wakuu wa kipimo hiki Tanzania ni wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU wanaanza mapema zaidi, kuanzia 25 kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na wanarudia mara nyingi zaidi. Baada ya hedhi kukoma, sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, na siki haiaminiki tena, kwa hiyo usisubiri uzeeke. Sehemu nyingine kuna kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba nyuma ya pazia. Kwa anayeogopa spekula, kipimo hicho ni mlango mzuri. Uliza kama kipo. Na binti yako usimsahau: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja. Kenya ilianza 2019. Uvumi kwamba inafunga kizazi si kweli.

Uzazi wa mpango nitaupitia haraka, kwa kuwa watoa huduma wengi wanaufahamu vizuri. Huduma hii ni bure katika vituo vya serikali, na kwa sindano, kijiti au kitanzi huhitaji sahihi ya mume. Nenda ukijua unataka kukaa muda gani bila kuzaa: sindano ni miezi mitatu, kijiti ni miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina, kitanzi cha shaba kinafika miaka kumi. Uliza njia hiyo itakavyobadilisha hedhi yako, kwa kuwa mabadiliko ya damu ndiyo sababu wengi wanaacha njia na kusema "imenikataa". Uliza pia itatolewaje, wapi, na kwa gharama gani siku ukibadili mawazo.

Mwenye mimba aanze kliniki kabla ya wiki 12. Atapimwa wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, VVU, mkojo na shinikizo la damu. Atapewa vidonge vya kuongeza damu, na kuanzia wiki ya 13 dawa ya SP ya kuzuia malaria, angalau dozi tatu zilizopishana mwezi, isipokuwa kama anatumia septrin kwa sababu ya VVU. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 mahudhurio manane. Vituo vingi vinamhimiza mama aje na mwenza wake siku ya kwanza, na ni vizuri, lakini mwanamke asiye na mwenza, au ambaye mwenza amekataa, asirudishwe nyumbani. Akirudishwa, aende kwa mfawidhi siku hiyohiyo.

Gharama uliza kabla, si baada. Tanzania sera inasema huduma za mjamzito katika vituo vya serikali hazilipiwi, ingawa vifaa vikiisha akina mama huambiwa wanunue. Penye malipo, dai namba ya malipo na risiti. Fedha haiwekwi mkononi mwa mtu. Mwenye bima aulize kama kipimo alichoandikiwa kimo ndani ya kitita chake kabla hajakifanya. Kenya, hakikisha umejisajili kwenye bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024.

Yapo mambo ambayo hayangoji siku ya kliniki wala foleni ya asubuhi. Umekosa hedhi, unaumwa upande mmoja wa chini ya tumbo, unasikia kizunguzungu au maumivu ya bega: hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na inaua ndani ya saa chache. Kwenye mimba kubwa, kichwa kuuma kama kinapasuka, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, chupa kupasuka, au mtoto kuacha kucheza: kimbilia hospitali usiku huohuo. Na mimba ikiharibika, au ikitolewa, damu ikawa haikomi, homa ikapanda, uchafu ukanuka, nenda. Wengi wanafia nyumbani kwa kuogopa polisi. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa katika hospitali zetu, na wajibu wa kwanza wa mhudumu ni kukuokoa. Mweleze ukweli wa kilichotokea na ulichomeza, maana matibabu yanategemea hilo.

Kabla hujatoka chumbani, usione haya kuuliza kwa maneno yako mwenyewe: mmeona nini, dawa hii ni ya nini na inamezwaje, nirudi lini, na nikiona dalili gani nisisubiri tarehe hiyo. Kama hukuelewa, mwambie arudie kwa Kiswahili cha kawaida. Acha namba ya simu ambayo wewe mwenyewe unaipokea, siyo ya jirani wala ya shemeji, maana majibu ya HPV na ya nyama iliyokatwa huchukua siku. Majibu yasipokuja, usidhani kimya ni heri; rudi uyafuate. Kuna karatasi nyingi kwenye makabati ya maabara zenye majina ya wanawake waliopimwa, wakakutwa na tatizo, wasirudi kamwe.

Na wewe uliye kati ya miaka 30 na 50 ambaye hujawahi kupimwa mlango wa kizazi: wiki hii pita kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, uliza ni siku gani wanapima, mshike mkono dada yako au jirani yako, mwende pamoja.